Jinsi ya kupima utunzaji wa momentamu katika migongano kwa kutumia maabara ya mbali

Maabara ya mbali ni chumba halisi chenye reli, vigari, vihisi na kamera, kilichounganishwa na intaneti ili mwanafunzi aliye Songea au Eldoret abonyeze kitufe kwenye simu na kigari kisukumwe kweli huku anakitazama. Chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuweka vifaa vyake mtandaoni kwa namna hii mwaka 1998, kwa kuanzia na vya kielektroniki. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vikaingia katika mradi huo na kutengeneza majaribio yao. Leo zipo nyingine nyingi, za vyuo na za kampuni, na baadhi zina jaribio la migongano.

Kwetu jaribio hili lina thamani ya pekee. Shule nyingi zina tika-taima, ile mashine inayogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi. Inafundisha kasi vizuri sana, lakini ukitaka kupima vitu viwili vinavyogongana unalazimika kukokota tepe mbili kwa wakati mmoja, na msuguano wa tepe hizo unakula sehemu ya kile unachotaka kukipima. Reli ya hewa, ambayo hupuliza hewa kwenye vitundu vidogo ili kigari kielee bila kugusa chuma, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ni kifaa cha gharama. Kukitumia kwa mbali ni njia ya haki kabisa ya kukifikia.

Sheria tunayoipima ni fupi. Momentamu ya kitu ni tungamo lake mara kasimwelekeo chake (kasi pamoja na mwelekeo wake), na jumla ya momentamu ya vitu vinavyogongana haibadiliki iwapo hakuna kani ya nje inayovisukuma au kuvizuia. Ugumu uko kwenye maneno mawili: “jumla” na “nje”. Sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini inahusu maneno hayo.

Kwanza, hakikisha ni maabara kweli

Tovuti nyingi hujiita maabara ilhali ni maigizo ya kompyuta. Maigizo yana nafasi yake. Lile la migongano la PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni bora kwa kujizoeza kabla, nami ningemshauri kila mwanafunzi alichezee kwanza. Lakini humo namba hutoka zilivyopangwa na aliyeandika programu. Sheria haipimwi pale, imeshawekwa ndani.

Namna ya kutambua ni rahisi: rudia jaribio lilelile bila kubadilisha chochote. Vifaa halisi havitoi namba ileile mara mbili hadi tarakimu ya mwisho. Ukipata sekunde 0.0820, kisha 0.0823, kisha 0.0818, uko mahali sahihi. Tahadhari moja: baadhi ya maabara hukupa majaribio halisi yaliyorekodiwa mapema, ili watu wengi wayatumie bila foleni. Hizo bado ni data za kweli, ila huwezi kuongeza kipimo ambacho hakikurekodiwa.

Pili, jiandae kabla ya kuingia

Muda wako kwenye kifaa kwa kawaida ni dakika chache, kwa sababu kuna wengine wanaosubiri. Usiutumie kufikiria. Andaa jedwali kwenye daftari au kwenye kompyuta lenye nafasi za tungamo la kigari A na B, upana wa kadi iliyosimikwa juu ya kila kigari, muda wa kupita kila lango la mwanga (kihisi tutakachokieleza hapa chini) kabla ya mgongano, muda baada ya mgongano, na safu ya peke yake kwa ajili ya mwelekeo. Safu hiyo ya mwelekeo usiiache. Tutaona sababu yake.

Angalia pia saa. Mifumo mingi ya kuweka nafasi huonyesha saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Nafasi ya 11:00 UTC ni 14:00 kwetu, yaani saa nane mchana. Kuhusu bando, kinachokula ni video. Kama kuna chaguo la kushusha ubora wa picha, shusha bila wasiwasi. Muda unapimwa na vihisi vilivyo pale pale kwenye reli, kwa hiyo intaneti ikisuasua na picha ikachelewa sekunde mbili, namba zako haziathiriki hata kidogo. Darasani inatosha simu moja au kompyuta moja kwenye projekta, na kila kundi likapewa data zake za kukokotoa.

Tatu, ichunguze reli kabla ya kugonganisha chochote

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko mgongano wenyewe. Fanya mambo mawili.

Weka kigari kimoja katikati ya reli, kikiwa kimetulia, halafu kitazame kwa nusu dakika. Kikianza kuserereka upande mmoja, reli imeinama, na mvutano wa dunia unaingiza momentamu ambayo hukuihesabu. Hiyo ni kani ya nje.

Kisha sukuma kigari kimoja peke yake kipite malango yote mawili ya mwanga. Lango la mwanga ni kihisi chenye mwale. Kadi iliyosimikwa juu ya kigari inaukata mwale huo, na kifaa kinarekodi umekatwa kwa muda gani. Upana wa kadi ukigawanywa kwa muda huo unakupa kasi. Tuseme kwenye lango la kwanza umepata 0.610 m/s na kwenye la pili 0.604 m/s. Kigari kimepoteza asilimia 1 bila kugongana na kitu. Andika namba hiyo pembeni. Ndiyo kiwango cha upotevu ambacho reli yenyewe inakutoza, na hutakuwa na haki ya kuulaumu mgongano kwa upotevu wa ukubwa huo.

Isaac Newton alifanya jambo hilihili. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1687 alieleza jinsi alivyogonganisha mipira iliyoning’inizwa kama pendulamu, na kabla ya hapo akapima ni kiasi gani hewa peke yake inapunguza mbembeo, ili akitoe kwenye hesabu.

Nne, mgongano wa kwanza: vigari vinavyorudishana

Anza na vigari vyenye springi au sumaku mbele, ambavyo husukumana na kuachana. B kiwe kimetulia kati ya malango mawili, A kitoke nje ya lango la kwanza kikimfuata mwenzake. Kama ni sumaku, kumbuka kwamba zinaanza kusukumana kabla vigari havijagusana, kwa hiyo lango lisiwe karibu mno na mahali pa mgongano. Unataka kasi ya kigari kilicho huru, kabla na baada.

Nachukua mfano wa namba ili hesabu zionekane. A kina kilo 0.300, B kilo 0.200, na kila kadi ina upana wa sentimita 5.00.

Kabla: A kinapita lango la kwanza kwa sekunde 0.0820. Kasi yake ni 0.0500 ÷ 0.0820 = 0.610 m/s. Momentamu yake ni 0.300 × 0.610 = 0.183 kg m/s. B kimetulia, momentamu yake ni sifuri.

Baada: B kinapita lango la pili kwa sekunde 0.0695, kasi 0.719 m/s, momentamu 0.144. A kinafuata polepole kwa sekunde 0.418, kasi 0.120 m/s, momentamu 0.036. Jumla ni 0.180 kg m/s.

Tulianza na 0.183, tumebaki na 0.180. Je, momentamu imetunzwa?

Tano, jibu swali hilo kwa kupima shaka ya vipimo vyako

Wanafunzi wengi hapa huandika “ndiyo, tofauti ni ndogo” au “hapana, namba si sawa”. Majibu yote mawili hayatoshi, kwa sababu hayasemi ndogo kulinganisha na nini.

Jiulize kila kipimo kinaweza kuwa kimekosea kwa kiasi gani. Kadi ya milimita 50 iliyopimwa kwa rula ina shaka ya kama nusu milimita, ambayo ni asilimia 1. Mizani inayosoma hadi gramu 1 inaleta asilimia 0.3 kwa A na asilimia 0.5 kwa B. Muda wa lango ni sahihi zaidi ya hivyo vyote, uache. Kwa njia ya kawaida ya kujumlisha asilimia, momentamu ya kabla ina shaka ya asilimia 1.3, yaani 0.183 jumlisha au toa 0.002. Baada ya mgongano, B kinaleta shaka ya asilimia 1.5 ya 0.144 na A asilimia 1.3 ya 0.036, jumla yake ni karibu 0.003.

Kwa hiyo kabla ni kati ya 0.181 na 0.185, na baada ni kati ya 0.177 na 0.183. Masafa hayo mawili yanapishana. Vipimo vyetu haviwezi kutenganisha namba hizo mbili, na sentensi ya kuandika kwenye ripoti ni hii: ndani ya usahihi wa vipimo, momentamu imetunzwa. Kisha ongeza kwamba iliyobaki ni pungufu kidogo, na kwamba ukaguzi wa reli ulionyesha upotevu wa asilimia 1 usiotokana na mgongano.

Sasa fanya hesabu ya nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachokwenda (nusu ya tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili, kwa jouli, J), kwa namba hizohizo. Kabla: nusu × 0.300 × 0.610² = 0.0558 J. Baada: 0.0517 ya B na 0.0022 ya A, jumla 0.0539 J. Imepungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Hata springi nzuri hutwaa kidogo kama joto na mtikisiko. Kipimo kizuri zaidi cha ubora wa mgongano ni kasi ya kuachana ikigawanywa kwa kasi ya kukaribiana: (0.719 − 0.120) ÷ 0.610 = 0.98. Newton alipata kama 15 kwa 16 kwa mipira ya kioo, na kama 5 kwa 9 kwa mipira ya sufu iliyofungwa ikabana, na hata kwa sufu hiyo momentamu ilijumlishika sawasawa. Ukitaka mwanafunzi aelewe tofauti ya momentamu na nishati mwendo, mwonyeshe namba hizo za sufu.

Sita, ishara ya kutoa

Lango la mwanga halijui kigari kinaenda wapi. Linajua tu mwale umekatwa kwa muda gani. Kila kasi inayotoka ni chanya, na ni jukumu lako kuitazama video na kuandika + au − kwenye ile safu. Chagua kulia kuwa chanya tangu mwanzo na usibadilishe katikati.

Tazama kinachotokea usipofanya hivyo. A cha kilo 0.300 kinakwenda kulia kwa 0.50 m/s, B cha kilo 0.200 kinakuja kushoto kwa 0.60 m/s. Baada ya mgongano mzuri wa springi, A kinarudi kushoto kwa 0.38 na B kinarudi kulia kwa 0.72. Asiyejali ishara anajumlisha 0.150 na 0.120, anapata 0.270 kabla, anajumlisha 0.114 na 0.144, anapata 0.258 baada. Tofauti ni asilimia 4. Anafurahi, anaandika kwamba sheria imethibitika na kwamba msuguano umekula kidogo.

Hesabu sahihi ni 0.150 − 0.120 = 0.030 kabla, na −0.114 + 0.144 = 0.030 baada. Namba ya kweli ni moja ya tisa ya ile aliyoiandika. Kosa limejificha kwa sababu jibu lake lilionekana zuri, na hakuna mwalimu atakayeliona kwenye jibu la mwisho pekee. Ndiyo maana nasisitiza ripoti ioneshe ishara kwenye kila mstari wa hesabu. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes mwenyewe, mwaka 1644, alihesabu wingi wa mwendo bila mwelekeo, na kanuni zake za migongano zikagoma kukubaliana na vitu halisi. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa miongoni mwa waliozinyoosha. Mwishoni mwa 1668 na mwanzoni mwa 1669 yeye, John Wallis na Christopher Wren walipeleka majibu yao kwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi.

Mambo mawili ya vitendo yanayohusiana na hili. Kigari chepesi kikigonga kizito hurudi nyuma na kupita tena lango la kwanza, kwa hiyo usomaji wa pili wa lango hilo ni wa baada ya mgongano, nao ni hasi. Na vigari vya tungamo sawa vikigongana kwa springi, kile kilichokuwa kinakwenda husimama, au karibu kusimama, na hakifiki langoni. Hapo usiache nafasi wazi kwenye jedwali kana kwamba data imepotea. Andika 0, na ueleze kwamba umeona kwenye video kimesimama.

Chunguza pia mwisho wa reli. Kigari kikifika huko kinagonga kizuizi na kurudi, tena mara nyingi kinapita lango upya. Usomaji huo hauhusiki. Momentamu imeingia kwenye kizuizi, kikaipeleka kwenye reli, meza na dunia, ambavyo umeviacha nje ya jumla yako.

Saba, mgongano wa kushikamana

Badilisha springi kwa velkro (utepe wa vinyweleo unaoshikamana ukigusana), au kwa sindano na nta kama maabara ina hiyo, ili vigari vikigusana viende pamoja. Maabara nyingine hukuruhusu kuchagua hili kwa kitufe. Kwa matungamo yaleyale, tuseme A kinapita kwa sekunde 0.0790, kasi 0.633 m/s, momentamu 0.190. Baada ya kushikamana, kadi ya kigari cha mbele inapita lango kwa sekunde 0.134, kasi 0.373 m/s. Tungamo la pamoja ni kilo 0.500, kwa hiyo momentamu ni 0.187. Tofauti ni kama ile ya mwanzo, chini ya asilimia 2.

Nishati mwendo je? Kabla ilikuwa 0.0601 J, baada ni 0.0348 J. Asilimia 42 imeondoka. Huo si uchafu wa vipimo wala msuguano wa reli. Velkro imekunjika na kupasha joto, na upotevu huo unalazimishwa na sheria yenyewe ya momentamu: B kikiwa kimetulia, sehemu inayobaki ni tungamo la A gawanya kwa tungamo lote, 0.300 ÷ 0.500 = 0.60. Sisi tumepata 0.58.

Kama maabara inakupa video pekee

Usipime kutoka kwenye picha ya moja kwa moja; inaruka fremu kila mtandao unapolegea. Pakua rekodi, kisha uifungue kwenye Tracker, programu ya bure inayokuwezesha kuweka alama mahali kigari kilipo fremu kwa fremu. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde inakupa alama kila sekunde 0.033. Tumia rula iliyobandikwa kwenye reli kuweka kipimo cha urefu, na chukua kasi kutoka kwenye mteremko wa grafu ya nukta kumi au zaidi, si kutoka fremu mbili tu. Epuka kingo za picha, ambako lenzi hupinda mistari. Faida ya njia hii ni kwamba mwelekeo unajitokeza wenyewe: mteremko ukishuka, ishara ni ya kutoa.

Nane, kusanya majaribio mengi kwenye grafu moja

Jaribio moja halithibitishi chochote. Fanya kadhaa kwa kasi tofauti, mchanganyiko wa springi na velkro, kisha weka momentamu ya kabla kwenye mhimili wa chini na ya baada kwenye mhimili wa wima. Excel au LibreOffice vitakuchorea mstari. Mteremko ukiwa 1 kamili ndani ya shaka yako, vizuri. Ukiwa 0.98 kila mara, kwa springi na kwa velkro vilevile, tatizo haliko kwenye aina ya mgongano. Rudi kwenye namba ya ukaguzi wa reli, rekebisha kasi zako kwa upotevu huo, uchore tena. Nukta moja ikiwa mbali na zenzake, karibu kila mara ni ishara iliyosahaulika.

Ukiwa bado na muda kwenye kifaa, ongeza mizigo kwenye B na urudie velkro. B kikiwa na kilo 0.300 sawa na A, nishati mwendo inayobaki inatakiwa kuwa 0.50 ya mwanzo. Kikiwa na kilo 0.600, ni 0.33, kikiwa na 0.900, ni 0.25. Chora sehemu iliyobaki dhidi ya tungamo la A gawanya kwa jumla ya matungamo, kwa nukta hizo pamoja na ile ya 0.60 uliyokwisha kupata. Kumbuka kigari kilichobebeshwa kilo 0.900 kinaweza kukandamiza mto wa hewa hadi kikaanza kugusa reli, kwa hiyo kipime peke yake kwenye malango mawili kabla hujakigonga.